Ukweli Hauna Hatimiliki

Katika ukoo wetu pale Nyansurura, wilayani Serengeti, wiki ina siku tatu za ibada. Ijumaa shemeji yangu huvaa kanzu, akapanda pikipiki kwenda kuswali Mugumu mjini. Jumamosi jiko la baba mkubwa halitoi moshi, maana wao ni Wasabato na chakula chao kimepikwa Ijumaa kabla jua halijazama. Jumapili ni zamu ya Wakatoliki na wale wa Kanisa la Mennonite. Bibi yetu, mpaka anafariki, hakuwa na siku maalumu. Kila alfajiri alitoka nje, akaelekea jua linakochomoza, akatema mate kidogo kwa baraka, akamtaja Nyamuhanga, Mungu wa Wakurya, na wazee waliotangulia, kisha akashika jembe.

Nawapenda watu hawa wote, na kwa kuwa nawapenda sijaweza kulikwepa swali ambalo kwetu halijadiliwi hadharani. Je, ipo dini inayoweza kudai kwamba ukweli ni wake?

Nililitafakari kwa uzito wakati wa msiba wa bibi. Alifariki siku ya Alhamisi. Wazee walikaa chini ya mti kupanga siku ya mazishi. Ijumaa ilikuwa mapema mno, wajukuu walio Mwanza na Dar es Salaam wasingefika. Jumamosi Wasabato wasingeweza kushika sepeto. Wakakubaliana Jumapili alasiri, baada ya misa, na hakuna aliyeinua sauti. Ulipofika wakati wa kuchinja, baba mkubwa, Msabato wa miaka mingi, alimwita shemeji yangu akamwambia, "Mkwe, kisu hicho. Chinja wewe ili wote tule." Vijana wakamlaza ng'ombe na kumfunga miguu, shemeji akawaomba wamgeuze aelekee kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Nyama ile ililiwa na kila mtu aliyekuwapo.

Kaburini mwinjilisti wa Kisabato alisema marehemu amelala, hajui neno lolote mpaka parapanda itakapolia. Shangazi, Mkatoliki, alikuwa na rozari mkononi, akiomba roho ya mama yake ipate pumziko, na tayari alikuwa amekwisha kupanga misa ya kumwombea. Shemeji, alipoulizwa jioni, alijibu kwa upole kwamba roho hungoja katika barzakh mpaka Siku ya Kiyama, na hukumu ya bibi iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Mzee mmoja wa ukoo, rika la bibi, yeye alizungumza na bibi mwenyewe. Alimwambia kwa Kikurya aende salama, awasalimie wa huko, asituache na hasira, na kwamba mtoto wa kike atakayezaliwa mwaka huo atapewa jina lake.

Kuhusu mwanamke mmoja tuliyemzika siku moja, katika kaburi moja, tulipewa majibu manne. Kama amelala hajui lolote, basi hamsikii yule mzee anayezungumza naye. Kama yuko karibu nasi na anasikia, basi hajalala. Majibu hayo hayawezi kuwa kweli yote manne kwa pamoja, hata tukipendana namna gani.

Naanzia hapo kwa sababu ipo njia rahisi ya kulikimbia swali hili, nayo ni kusema dini zote ni sawa, zote zinafika pale pale. Tunalisema sana neno hilo, hasa kwenye harusi za mchanganyiko na kwenye majukwaa ya siasa. Nia yake ni njema, lakini silikubali. Mkristo anaamini Yesu alisulubiwa akafa. Mwislamu anaamini hakusulubiwa. Ukiwaambia wanasema kitu kimoja, umewakosea heshima wote wawili, maana hukumsikiliza hata mmoja. Tena, anayesema dini zote zinafika pale pale anadai kwamba yeye amekwishafika, akaketi hapo na kuziona zote zikiingia. Dai lake ni kubwa kuliko la padri, la shehe na la mzee wa mila wakiwekwa pamoja.

Ninaamini ukweli upo. Ama bibi anasikia au hasikii. Jambo haliwi kweli kwa Wasabato na uongo kwa Wakatoliki kwa vile tu wanasali siku tofauti. Ugumu ulipo unatuhusu sisi wenyewe. Nani kati yetu ameushika ukweli huo mkononi, kiasi cha kumfungia mwenzake mlango?

Kabla ya kujibu, tukumbuke imani zetu tulizipata vipi. Ukichora ramani ya madhehebu ya mkoa wetu wa Mara, utakuwa umechora ramani ya nani alifika wapi kwanza. Wasabato waliweka kituo Gendia, ng'ambo ya Kenya ya leo, mwaka 1906, na miaka michache baadaye wenzao wa Kijerumani wakaingia Majita. Wamennonite kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walikuwa wameanza upande wa Nyegina, na mapadri wa shirika la Maryknoll, nao Wamarekani, wakafika mwaka 1946. Uislamu ulikuja na wafanyabiashara, askari na mafundi waliohamia mijini. Mtu akizaliwa karibu na misheni fulani, alisoma shule yake, akatibiwa katika zahanati yake, akabatizwa humo. Angezaliwa mwendo wa siku moja upande wa pili, angekuwa wa dhehebu lingine, na angelitetea kwa nguvu zile zile.

Wako wanaosimama hapo na kuhitimisha kwamba dini zote basi ni bahati tu ya kuzaliwa. Mimi siendi nao hadi huko. Hesabu nayo nilifundishwa na mwalimu niliyemkuta katika shule iliyo karibu na nyumbani, na saba mara nane bado ni hamsini na sita. Mahali ulipolipata jambo hapathibitishi kuwa ni la uongo. Panakuondolea majivuno tu. Mtu anayejua kwamba imani yake aliikuta imewekwa mlangoni kabla hajazaliwa hawezi kumtazama jirani kama mjinga aliyekataa kufungua macho. Jirani naye amefungua macho, ila amefungulia upande mwingine.

Nchi yetu imewahi kulijaribu swali hili hadharani. Miaka ya 1980 ilianza mihadhara ya mlingano wa dini. Wahubiri wa Kiislamu walisimama sokoni na viwanjani wakiwa na Biblia mkononi, wakisoma sura na aya, wakitaka kuonyesha kwamba Wakristo hawakisomi vizuri kitabu chao wenyewe. Wahubiri wa Kikristo nao wakajibu kwa mikutano na vipaza sauti vyao. Kanda za mijadala hiyo zilisambaa mpaka huku kwetu, zikachezwa madukani na kwenye mabasi. Nawapa wahubiri wale haki yao: waliuchukulia ukweli kuwa jambo la kushughulikia. Hawakusema yote ni sawa. Lakini ukizisikiliza kanda zile husikii mtu akingoja jibu la mwenzake. Umati unashangilia pale mmoja anapokosa la kusema, na aliyenyamazishwa anahesabiwa kuwa ameshindwa na Mungu. Februari 1998, pale Mwembechai jijini Dar es Salaam, mzozo uliotokana na mihadhara hiyo uliishia kwa risasi za polisi na vifo vya watu.

Katika Injili ya Yohana, Pilato anamuuliza Yesu ukweli ni kitu gani, kisha anatoka nje bila kungoja jibu. Nikikumbuka kanda zile humkumbuka Pilato. Kuuliza si ujinga, lakini anayeuliza bila masikio wazi anafanya vita kwa njia ya maswali.

Wingi wa waumini nao si ushahidi. Tulioishi Serengeti mwaka 2011 hatuhitaji kuhadithiwa. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, wa kijiji cha Samunge huko Loliondo, alisema Mungu amemwonyesha dawa ya mizizi inayoponya magonjwa sugu, ukimwi na kisukari yakiwemo. Kikombe kimoja shilingi 500. Magari yalipita Mugumu usiku na mchana, mengine kutoka Mwanza, mengine Kenya, yakielekea kwa Babu, ndivyo alivyoitwa. Foleni ilikuwa ya kilomita na kilomita. Wakubwa wa serikali walikwenda, masikini waliuza mbuzi wakaenda. Mkatoliki, Mwislamu, Msabato na mtu wa mila walikunywa kikombe kile kile, na sijaona tena mahali ambapo watu wa dini zote wamekubaliana namna ile. Wahenga walisema penye wengi pana Mungu. Pale Samunge palikuwa na wengi sana, na bado wagonjwa walifia njiani, na wapo walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Mzee Mwasapile alifariki mwaka 2021. Sina sababu ya kusema alikuwa na nia mbaya, na somo lake linazidi uzito kwa sababu hiyo: nia njema ya anayenena na imani nzito ya wanaosikia hazigeuzi jambo likawa kweli. Dini inapodai jambo linaloweza kupimwa, kama vile kupona ugonjwa, ipimwe, na waumini wenyewe wawe wa kwanza kutaka vipimo.

Hatari huzidi pale swali linapozuiwa. Huko Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililotangaza kurejesha Amri Kumi walikufa kwa moto na kuuawa. Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Makundi hayo mawili yalikosa kitu kimoja. Ndani yake hapakuwa na mtu anayeruhusiwa kuuliza. Swali lilihesabiwa kuwa dhambi, na kiongozi akawa ndiye mwenye ukweli, ndiye mlinzi wake na ndiye hakimu wake.

Sisi Wakurya tuna mahali tunapofundishwa kinyume cha hayo. Jambo zito la jamii, kama wizi wa ng'ombe, hupelekwa kwenye iritongo, mkutano wa wote. Pale aliyeona husimama akasema. Hasemi "labda" kwa kuogopa watu. Kama aliona, aseme aliona, na yuko tayari kuapa. Lakini akimaliza haketi kwenye kiti cha kuamua. Anaulizwa. Ulikuwa umesimama wapi? Palikuwa na mwanga? Mbona mwenzako anasema vingine? Shahidi anayekasirika akiulizwa hushukiwa papo hapo. Na shahidi mwingine akitokea upande wa pili wa boma, huitwa naye, hata kama hapatani na wa kwanza.

Hivyo ndivyo ninavyozielewa dini. Kila dini ni shahidi. Imeona kitu, na mara nyingi kitu kikubwa mno. Ina haki ya kusema kwa sauti kamili, bila kujipunguza ili isimuudhi mtu. Haina haki ya kuwa shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Anayesema "hivi ndivyo nilivyoona, niulize" ananivuta. Anayesema "nimeona, kwa hiyo nyamaza" amenipa sababu ya kumtilia shaka, hata kama aliyoyasema ni ya kweli.

Ushahidi hupimwa pia kwa mwenendo wa shahidi, na hapa sisi wa Tarime na Serengeti tuna mtihani wetu. Kila baada ya mwaka mmoja, ifikapo Desemba, wazee wa mila hutangaza msimu na wasichana hupelekwa kukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wazee husema mizimu inataka. Makanisa husema Mungu hataki. Ukiishi kijijini, unajua vilevile kwamba wapo akina baba wanaokaa benchi la mbele kanisani Jumapili, na katikati ya wiki wanatoa pesa ya ngariba. Siku hiyo kukiri imani sahihi hakumsaidii binti wao chochote.

Wako pia waliotoa ushahidi wa aina nyingine. Masanga, Tarime, masista wa Kikatoliki wamekuwa wakiwapokea wasichana wakati wa msimu na kuwafundisha, mpaka wanahitimu utoto wao bila kisu. Mwaka 2014 Dayosisi ya Kianglikana ya Mara ilifungua Nyumba Salama pale Mugumu, na Rhobi Samwelly, aliyepitia kisu hicho yeye mwenyewe akiwa msichana, akawa mlezi wa mabinti waliokimbia usiku, wengine bila viatu. Binti anayegonga mlango ule haulizwi anasali wapi. Sijazitaja nyumba hizi ili kusema Ukatoliki au Uanglikana umeshinda. Nimezitaja kwa sababu huduma hiyo ni hoja, na mtu asiyesali huko anaweza kuikagua kwa macho yake.

Dini ya bibi nayo nisiionee. Ndiyo iliyobeba kisu kile, na kisu hicho ni kibaya. Upendo wangu kwake hauwezi kukisafisha. Dini hiyo hiyo ilimfundisha kutolala bila kujua kama mjane wa jirani amekula, na kushukuru kabla ya kushika jembe. Siku moja, nikiwa kijana niliyetoka kwenye mafundisho ya kanisa na hamu ya kumwongoa, nilimuuliza kama anajua kwamba Mungu wake si wa kweli. Aliendelea kupepeta ulezi, akanijibu, "Mura, Mungu wako alipofika huku alikuta mvua inanyesha. Muulize ilikuwa inanyeshwa na nani." Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, na bado naliona jibu lile kuwa la kitheolojia kamili.

Kanisa Katoliki lenyewe lilikuja kusema jambo la karibu na hilo. Oktoba 28, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa tamko la Nostra Aetate, likikiri kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Halikuacha kumhubiri Kristo. Lilikiri tu kwamba Mungu hakungoja meli ya wamisionari. Katika Kurani, aya ya 48 ya Sura ya Maida inasema Mungu angetaka angewafanya watu wote umma mmoja, lakini amewajaribu kwa aliyowapa, basi washindane katika mema, na Yeye ndiye atakayewaeleza walichohitilafiana. Katika Mathayo, Yesu anaonya kwamba si kila amwitaye Bwana ataingia. Sioni katika maandiko hayo ruhusa ya kuyafanya mambo yote kuwa sawa. Naona yakimtengea Mungu kiti cha hukumu, na kutuonya tusikikalie.

Jirani yetu wa Butiama aliliishi hili kwa mfano. Julius Nyerere alibatizwa Desemba 23, 1943, akiwa kijana wa miaka 21, kwa uamuzi wake mwenyewe; baba yake, Chifu Nyerere Burito, hakuwa Mkristo. Alikuwa Mkatoliki wa misa za asubuhi mpaka mwisho wa maisha yake, na Jimbo la Musoma limeanzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Lakini mtu huyo mwenye uhakika na imani yake ndiye aliyesimamia msimamo kwamba serikali haina dini, ijapokuwa wananchi wanazo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania dini zao. Wapo wanaoona jambo hilo ni kuficha ukweli. Mimi naona ni hekima ya mtu aliyejua kwamba imani ikipewa polisi na hazina, huacha kuwa ushahidi ikawa amri.

Basi nilichojifunza ni hiki. Kwanza, kuwa na shaka na uhakika wangu si kumtilia shaka Mungu. Nikisema huenda sijamwelewa, nimemkweza Yeye na kujiweka mimi mahali pangu. Pili, kumheshimu mwenzangu ni kuyachukua maneno yake kama alivyoyasema, hata pale yanaponipinga, bila kuyalainisha yafanane na yangu. Tatu, yanayopimika yapimwe, na yasiyopimika yashuhudiwe bila kulazimishana. Nne, watoto wetu waachwe waulize wakiwa nyumbani, mbele yetu, kabla hawajakutana na mtu anayewauzia majibu kwa bei ya maisha yao.

Na kwa viongozi wetu wa dini, wa madhabahuni, wa mimbarini na wa chini ya mti wa mila, nina ombi moja. Msituambie mna ukweli wote. Tuambieni mmeona nini, mkitende mbele yetu, kisha mkubali kuulizwa na binti aliyekimbia kisu, na mjane aliyenyang'anywa shamba, na kijana aliyeacha kuja kusali. Imani inayoweza kukaa mbele ya hao na kujibu, nitaisikiliza, hata kama si yangu. Isiyoweza kuwajibu, hata kama ni yangu, bado ina kazi ya kufanya kabla ya kwenda kumhubiria jirani.